Dawa Kharij

Mjukuu wangu anayesoma sheria Maskati alinijia juzi na kitabu kinene kwapani. "Babu, nasikia weye uliwahi kushughulika na mahakama za India. Hebu nambie, wanaamua vipi kesi za nyumba, na mikataba, na kodi?" Nikamwambia akae, kwa sababu jibu la kwanza ni kuwa sijui, na jibu la pili ni refu. Akakaa, akasikiliza, akacheka mahali ambapo mimi sikucheka, na mwisho akanitaka niandike ili wenzake nao wasome. Basi nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi za makaratasi, na hasa nyinyi mnaojihesabu kuwa mnajua lugha nne. Mimi pia nilikuwa nikijihesabu hivyo.

Nilikuwa karani katika mahakama ya sharia ya mji mmoja wa Sharqiyah, huku Omani, kati ya Ibra na Al Qabil. Mji wenyewe siutaji, maana watu wake bado wananitania. Tulifika kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kazi zilikuwa nyingi kuliko watu waliosoma. Siku niliyokwenda kuomba, Kadhi aliuliza barazani nani anajua kusoma Kiingereza. Nikainua mkono. Akauliza nani anajua Kihindi. Nikainua mkono ule ule. Hapakuwa na mtu wa kunijaribu, kwa hiyo nikawa nimefaulu.

Ukweli wa Kihindi changu ni huu. Unguja niliuza vitambaa miaka sita katika duka la Mhindi, nikajua kuhesabu, kupima, kuagiza chai na kutukana. Kilichobaki nilikiokota sinema. Katika sinema zile kila mara yuko mama mgonjwa kitandani, na mwanawe anatoka mbio mvuani kumtafutia dava. Nililia sana na wale kina mama. Neno hilo nililijua kuliko yote.

Mtauliza mahakama ya mji wa mitende ilihitaji Kihindi cha nini. Sababu ni mabsili, zile tende zinazochemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba zingali changa, zikaanikwa juani mpaka zikakauka kama kokoto. Wahindi wanazitaka sana kwenye harusi zao. Wazee wa kwetu walizipeleka Bombay miaka na miaka, na wengine walinunua huko maghala na nyumba. Walipokufa waliacha masanduku ya makaratasi ambayo watoto wao hawakuweza kuyasoma. Kazi yangu ilikuwa kumwambia mtu karatasi yake inasema nini. Mara nyingi nilikuwa sahihi, na pale nilipokuwa si sahihi hakuna aliyejua, hata mimi.

Bi Moza alikuja na makaratasi yake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mzaliwa wa Unguja kama mimi, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea dua na kununulia samaki tu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akamimina kila kitu mezani kwangu.

"Mume wangu aliacha nyumba Bombay, ya ghorofa mbili, karibu na soko," alisema. "Chini ghala, juu vyumba. Aliyeachiwa funguo ndiye sasa anasema nyumba yake. Nimemshitaki. Haya, wananiandikia, nami sielewi hata herufi moja. Nisomee."

Wanawe wawili walikuwa na kazi nzuri serikalini Maskati, nao walishamwambia aachane na nyumba asiyowahi kuiona. Hakuwasikiliza. Yule jamaa wa Bombay Bi Moza alimbandika jina, Bwana Funguo, na jina lake halisi sikulizoea tena.

Sasa sikilizeni kesi ilivyokuwa, kwa kadiri nilivyoielewa. Bi Moza alikuwa na hati ya mumewe ya kununua nyumba, iliyoandikishwa katika ofisi ya serikali ya huko. Bwana Funguo alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi ya mkataba, yenye sahihi ya marehemu, inayosema kuwa atamuuzia nyumba. Cha pili ni bunda la stakabadhi za kodi ya jiji, mwaka baada ya mwaka, zote kwa jina lake. Nyumba, mkataba na kodi, yote matatu katika kopo moja la maziwa. Nilipomweleza Bi Moza habari za kodi aliniangalia kwa huruma, akidhani nimechoka.

"Kodi? Nyumba ya mtu mwenyewe anailipia kodi?"

"Ndivyo wanavyosema, Bi Moza. Jiji linataka."

"Na jiji liliijenga?"

Nikaenda kumuuliza Kadhi, naye akazidi kunichanganya. Kadhi wetu alikuwa mtu wa Dakhiliyah, kutoka upande wa Bahla, mwembamba, hapandishi sauti. Ndugu wawili wakigombea mitende, yeye hutoka akaenda shambani kwa miguu, akaihesabu, akawauliza majirani nani alikuwa akimwagilia, na kabla ya adhuhuri amekwisha hukumu. Nilimfafanulia mambo ya Bombay nikimtafsiria barua za karani wa wakili ambaye Bi Moza alimweka huko. Mdai anaandika madai yake. Mdaiwa anaandika majibu. Jaji anachambua maneno ya wote wawili, anaorodhesha yale wanayobishania, kila moja na namba yake. Kisha karatasi, kisha mashahidi, kisha mawakili wanasema, kisha jaji anaandika hukumu. Asiyeridhika anakwenda mahakama ya juu, na siku za kwenda zimehesabiwa.

"Na jaji ameiona nyumba?" Kadhi aliuliza.

"Hapana, sheikh. Ameona karatasi."

"Iko mbali na mahakama?"

"Karani anasema ni mwendo wa dakika kumi."

"Basi huyu anahukumu karatasi," alisema Kadhi. "Tahadhari na karatasi, ewe Nassor."

Nilidhani anawasema wao.

Hapa ndipo pa kuwaeleza kosa langu la kwanza, ambalo halikuonekana kosa. Barua za karani wa wakili zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza changu kilitosha. Lakini siku moja, nikimjibu, nikatia mwishoni mistari miwili ya Kihindi kwa herufi za Kiingereza: hujambo, mimi Kihindi nakijua, niandikie bila wasiwasi. Kwa nini niliandika hivyo? Kwa majivuno, wanangu, basi. Nilitaka yule mtu aliye ng'ambo ajue kuwa huku nako kuna watu. Naye, maskini, alifurahi. Tangu siku hiyo akawa ananiandikia nusu kwa nusu, na ile nusu ya Kihindi nilikuwa nikiiruka.

Wakati huo kesi ilikuwa ikiahirishwa. Mara jaji yuko likizo. Mara jalada limehamia chumba kingine. Mara stakabadhi za kodi zimeandikwa kwa Kigujarati na lazima zifasiriwe kwanza. Mara moja wakili wetu mwenyewe alikuwa na homa. Hiyo ya homa ishikeni.

Telegramu ilifika posta ya Ibra, ikaletwa na dereva wa pikapu pamoja na viazi. Ilikuwa na maneno matano: DAWA KHARIJ KAGAZ JALDI BHEJO.

Nililikunjua neno moja moja kwa furaha. Dawa, hilo hata mtoto analijua, Kiswahili dawa, Kihindi cha sinema dava. Kharij ni Kiarabu, nje, ng'ambo. Mtu akisafiri hapa husema amekwenda kharij. Kagaz ni karatasi, dukani tulifungia vitambaa. Jaldi, haraka. Bhejo, leta. Nikamwita Bi Moza nikamsomea kama mtu anayesoma gazeti. Wakili wetu homa yake haijamwacha. Dawa yake India haipatikani, iko nje, yaani huku kwetu. Tuipeleke haraka, pamoja na karatasi ya daktari.

"Masikini ya Mungu," alisema Bi Moza. "Na ile kharij, huenda ni kharik? Marehemu alikuwa akisema Wahindi wa Bombay wanaziita hivyo tende kavu."

Nikamwambia hapana, ni kharij. Lakini yeye alikuwa mke wa mtu wa tende na hakutaka kubahatisha, akasema tutapeleka vyote, dawa na gunia la tende.

Nikaenda hospitali. Daktari alikuwa Mhindi, mtu wa Bombay kabisa, tena mpole. Telegramu ilikuwa mfukoni mwa kanzu yangu ya dishdasha, imekunjwa mara nne. Nikamuomba dawa ya homa isiyokwisha.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Bombay."

Akavua miwani. "Bombay kuna madaktari wengi kuliko kunguru. Kwa nini dawa itoke hapa?"

"Ya huko haifai. Wanataka ya nje."

Akanitazama, akaona sibanduki, akaandika. Wanangu, mtu ambaye angeniambia maana ya maneno yale matano alikuwa amekaa mbele yangu, kati yetu kuna meza tu. Sikuitoa telegramu. Ningeitoaje? Ningekuwa nakiri kuwa mtarjumani wa Kihindi anahitaji mtarjumani. Mpaka leo nikipita hospitali yoyote nahisi ile karatasi kiunoni.

Dawa na tende zikachukuliwa na mtu wa Sur aliyekuwa anakwenda Bombay kutibiwa macho. Alisafiri kwa meli, akakawia njiani, akafika, akaugua, mwisho akazifikisha. Sisi huku tulikuwa na raha, tukimuombea wakili afya.

Kisha ikaja barua, ya Kiingereza tupu, na nakumbuka niliisoma nimesimama. Karani aliandika kuwa wakili anamshukuru sana Bibi kwa tende, zilikuwa nzuri. Anamshukuru pia kwa vidonge, ingawa hajui ni vya maradhi gani, kwani yeye ni mzima. Lakini iko wapi karatasi? Alikwisha nipigia telegramu kuwa madai yetu yametupwa. Alihitaji hati mpya ya uwakala ili akate rufaa, na alinisihi niilete haraka. Sasa miezi mitatu ya rufaa imepita, nyumba imekwenda.

Nikakaa. Nikaitoa ile telegramu nikaitazama, na bado sikuona. Dawa ni dawa. Nikaificha barua siku mbili, nikisema labda karani ndiye aliyechanganyikiwa. Siku ya tatu nikampelekea Kadhi zote mbili.

Alifungua daftari la mahakama, lile ambalo mimi ndiye niliyekuwa nikiliandika, akaweka kidole kwenye kichwa cha ukurasa. "Soma."

"Ad-da'wa," nikasoma.

"Maana yake?"

"Madai, sheikh. Shauri. Kesi."

"Umeliandika mara ngapi neno hili?"

Nililiandika kila siku, kila ukurasa, kwa wino mweusi. Wahindi nao wanalo, wamelichukua kutoka Kiarabu kama sisi tulivyochukua mengine, na shauri likitupwa husema limekwenda kharij, limetoka nje. Neno la kazi yangu mwenyewe lilinijia limevaa nguo za Kihindi, nami nikakimbilia duka la dawa. Kadhi hakucheka. Laiti angecheka.

"Nenda kamwambie mwanamke," alisema.

Nilimkuta Bi Moza uani anachambua mchele. Nikamwambia kila kitu, tangu kuinua mkono barazani mpaka hospitali. Nilitegemea anifukuze. Aliendelea kuchambua kwa muda mrefu, na mimi nimesimama juani.

"Nassor," alisema mwisho, "nyumba yangu ya Unguja uliijua?"

"Niliijua, Bi Moza. Ya mtaa wa Malindi."

"Niliondoshwa asubuhi, chai iko mezani. Sikuulizwa neno. Hapakuwa na jaji, hapakuwa na barua, hapakuwa na karatasi ya mtu kuikosea." Akaweka ungo chini. "Wanangu wananambia nyumba ya Bombay ya nini, mama. Mie sitaki kwenda Bombay. Nataka niulizwe. Hii ina kesi. Penye kesi mtu hukosea akarekebisha. Basi nenda karekebishe, usinisimamie hapo kama mwizi."

Nikaandika Bombay, kwa Kiingereza. Wakili akajibu kuwa mlango mmoja umebaki. Mahakama za huko zinaweza kumsamehe aliyechelewa, ikiwa ana sababu ya kweli, na ikiwa ataieleza kwa kiapo, siku zote zilizopita zilikwenda wapi. Na sababu ni moja tu, mimi. Mtarjumani lazima aape kwa jina lake kuwa hakijui Kihindi, na aeleze jinsi alivyoielewa telegramu.

Kadhi alinieleza yatakayonikuta kabla hajatia muhuri. Hati ile ingekwenda Maskati, itiwe muhuri wizarani, kisha ubalozi wa India, ndipo isafiri. "Wizarani wataisoma," aliniambia. "Watajua kuwa mahakama yangu imekuwa na mtarjumani wa Kihindi asiyejua Kihindi. Mshahara wako unatoka kwao. Umefahamu?"

Nilifahamu. Nilikuwa na watoto watatu na mama asiyeweza kutembea. Usiku mmoja mke wangu aliniambia kuwa yule bibi ana watoto wenye vyeo, wamnunulie nyumba nyingine. Lilikuwa neno la haki. Nikaenda kuapa huku sijui kama nafanya wema au ujinga, na sitawadanganya kuwa nilikuwa shujaa. Niliapa kwa sababu niliona haya kumtazama Bi Moza.

Kuandika hati ile ndiyo shule yangu kubwa, kwa hiyo nawapeni na nyinyi. Bahasha ikifika, andika juu yake siku iliyofika kabla ya kuifungua. Mimi sikuandika, nikahangaika kumtafuta dereva wa viazi athibitishe. Usipeleke karatasi ya asili kwa posta, peleka nakala yenye muhuri, asili ibaki kwenye kopo. Ukisoma kuwa shauri limetupwa au limekubaliwa, uliza kwanza ni la nani. Na neno ukilijua sana, lile hasa, muonyeshe mtu mwingine. Niliandika siku kwa siku: siku hii nilikuwa hospitali, hizi nilikuwa nikitafuta msafiri, hizi mtu wa Sur alikuwa baharini, hizi alikuwa kafungwa macho kwa bandeji. Habari ya gunia la tende nayo niliitia. Karani wa ubalozi Maskati aliposoma alitoka nje akamwita mwenzake, nikawasikia wakicheka nyuma ya pazia mpaka wakakohoa.

Mahakama ya juu ilichukua muda wake, kisha ikaamua juu ya kuchelewa peke yake, maana huko hata kuchelewa kuna hukumu yake. Bwana Funguo alipinga, akisema ni uongo uliotungwa. Jaji akaandika maneno ambayo wakili alinipelekea yamepigwa mstari: kwamba mtu anayetunga uongo hujitungia wenye heshima, na huyu karani hakujiachia heshima yoyote. Bi Moza aliniambia nimtafsirie mara mbili. Rufaa ikapokelewa.

Na wizarani walisoma, kama Kadhi alivyosema. Nikaondolewa kwenye utarjumani, nikapelekwa chumba cha majalada, nyuma, palipokuwa na vumbi na mijusi. Akaletwa kijana mpya, aliyesoma, mwenye kalamu mbili mfukoni. Watu wakanipa jina. Nikipita sokoni husikia, "Dawa Kharij, hujambo?" Nami huitika, ningefanyaje. Niliona uchungu miaka mingi, na ukiniuliza leo kama umekwisha nitakwambia kidogo.

Kesi ikarudi kwenye kuahirishwa. Barabara ya lami ikafika kwetu kesi ingali inaendelea. Umeme ukafika. Wanawe Bi Moza wakabadili magari. Ilipokuja hukumu tulikwisha ingia miaka ya themanini, na mimi nilikuwa ndani ya majalada yangu, sikujua. Niliona tu mlango unafunguliwa, Bi Moza anaingia na fimbo, pumzi zinamwisha.

"Nisomee," akasema, akanipa bahasha.

"Bi Moza, mie nimeapa mbele ya muhuri kuwa sijui. Yuko mtarjumani mpya, kasoma."

"Nishampelekea huyo. Kasoma dakika mbili, kasema nimeruhusiwa kukata rufaa. Nikamwambia rufaa nishakata, miaka. Kasema ndivyo ilivyoandikwa. Nikamuuliza una hakika? Kasema mia kwa mia." Akakaa juu ya rundo la majalada bila kuulizwa. "Weye ulikuwa na hakika hivyo hivyo siku ya dawa. Lakini weye ndiye pekee niliyemsikia akiapa kuwa hajui. Nisomee, na pale usipojua nambie hujui."

Nikaisoma. Nilianza asubuhi, nikaazima kamusi, nikaendelea mpaka alasiri, na Bi Moza hakuondoka, alisali pale pale kati ya makabati. Mengi niliyaelewa. Jaji alisema kuwa karatasi ya kuahidi kuuza si kuuza, na nyumba haihami mkono mpaka iandikishwe ofisini, na isitoshe Bwana Funguo hata upande wake wa mkataba hakuutimiza. Akasema kulipa kodi ya jiji hakumfanyi mtu mwenye nyumba, jiji hupokea kodi kwa yeyote anayelipa. Nikafika mstari wa mwisho: rufaa imeruhusiwa. Basi, hayo tu, kisha sahihi.

Imeruhusiwa! Kuruhusiwa ni kupewa ruhusa ya kuingia, au ni kushinda? Kama ni ruhusa, tulikwisha kuipata ile siku ya kiapo. Kama ni kushinda, kwa nini asiseme kushinda? Yote ya juu yalielekea kwetu, lakini ya juu hayakuwa mstari wa mwisho. Ulimi ulikuwa unanikera useme tumeshinda.

"Bi Moza," nikasema, "mstari wa mwisho siujui."

Alitikisa kichwa kukubali. "Alhamdulillahi. Haya, tumuulize mwenyewe."

Tukaenda Ibra pamoja kupiga telegramu, kwa Kiingereza, na nikaiandika kwa maneno ambayo hata mtoto hawezi kuyageuza: nyumba ya nani? Tukangoja siku nne. Kila siku alikuja na fimbo yake kwenye chumba cha majalada, akakaa. Siku ya tano dereva alileta karatasi. Nikaandika siku na saa juu ya bahasha kwanza, huku ananitazama, kisha nikafungua. Karani wa Bombay naye alikuwa amejifunza, hakutia neno la Kihindi hata moja. Yalikuwa maneno matatu: nyumba ya Bibi.

Nikamsomea.

"Una hakika?" aliniuliza.

Nikaitazama tena, neno la kwanza, la pili, la tatu. Nikaigeuza nyuma, hapakuwa na kitu. Nikamwambia nina hakika, na Bi Moza akafunika uso kwa ukaya wake, akalia kwa sauti kama mtu aliyepokea habari ya msiba, mpaka Kadhi akaja mbio kutoka barazani kuuliza nani kafa.